Ruta Ikigoma Kuwaka Ipole

Barabara inayotoka Tabora kupitia Sikonge hugawanyika katika kijiji cha Ipole: moja huenda Mpanda, nyingine Rungwa na kuendelea hadi Mbeya. Ruta ya sola iliyofungwa katika kijiji kama hicho ikigoma kuwaka baada ya kusasishwa, fundi aliye mjini hana njia ya kuifikia, maana mtandao wenyewe ulipitia kwenye ruta hiyo hiyo. Itabidi apande basi na kompyuta yake na kebo ya siria.

Akishachomeka kebo kwenye pini za bodi, mara nyingi kwa kasi ya 115200, ataiona U-Boot, programu ya kuwashia, ikipakia kerneli. Ikiandika “Starting kernel” kisha kimya, asiseme haraka kwamba kerneli imekufa. Huenda inaendelea na kazi ila maandishi yake yanakwenda mlango mwingine wa siria, au imepewa DTB isiyo yake, yaani faili linaloiambia kerneli bodi ina vifaa gani na viko anwani zipi. Neno earlycon likiongezwa kwenye vigezo vya kuwashia, kerneli huanza kuandika kabla draiva kamili ya siria haijapanda.

Ikifika mbele na kukwama kwenye mfumo wa mafaili, zisomwe namba zilizo mwishoni mwa ujumbe wa kosa. Unknown-block(0,0) maana yake kifaa cha kuhifadhia hakikutambuliwa kabisa: draiva haimo, au kigezo cha root kimekosewa. Ikiwa ni (179,2), hapo kuna nafuu. 179 ni namba ya vifaa vya MMC, kwa hiyo kadi imeonekana, na sehemu yake ya pili pia. Kilichobaki ni mfumo wa mafaili ulioharibika, au ambao kerneli hiyo haikujengwa kuusoma.

Chanzo cha matatizo haya mara nyingi ni viraka vya mtengenezaji wa chipu. Huchukua kerneli ya zamani, akamimina humo mabadiliko yake yote kwa mkupuo, na anayetaka kuhamia toleo jipya hajui kipi ndicho kinachoiwasha bodi. Mradi wa OpenWrt, uliozaliwa 2004 kutokana na msimbo wa ruta ya Linksys WRT54G, hufanya vizuri zaidi: huanza na kerneli safi, kila badiliko likawa na faili lake. Folda ya backport ni ya viraka vilivyokwisha kupokelewa na Linux kuu, pending ni ya vinavyongoja, hack ni ya visivyotarajiwa kupokelewa. Walipohama kutoka kerneli 5.15 ya toleo 23.05 kwenda 6.6 ya 24.10, vya backport vilivyokwisha kuingia 6.6 vilitupwa tu. Jasho likabaki kwenye pending na hack.

Hata hivyo kiraka kibovu kitapita siku moja. Mwaka 1871 vita vya mtemi Mirambo vilipofunga njia ya kutoka Tabora kwenda Ujiji, mpelelezi Stanley alizungukia kusini kupitia Ugunda; ruta nayo inahitaji njia ya pili. U-Boot huhesabu majaribio ya kuwaka kwa bootcount. Yakizidi bootlimit, huendesha altbootcmd, ambayo inaweza kupakia mfumo wa zamani uliohifadhiwa pembeni. Lakini mifumo miwili hudai nafasi, na ruta nyingi za bei rahisi zina MB 16 tu za flashi. Kwa Ipole ningenunua yenye flashi kubwa, hata kama Wi-Fi yake ni ya kizazi cha nyuma.