Edonga na Suala la Mtazamaji

Katika kitabu chao *Fasihi na Sanaa za Maonyesho* (1976), Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walitaja mambo manne yanayoikamilisha sanaa ya maonyesho: mchezo, mchezaji, uwanja na watazamaji. Kipimo hicho kiliwasaidia wahakiki wengi kuzitetea ngoma na matambiko dhidi ya wale waliodai kwamba Mwafrika hakuwa na drama yake mwenyewe. Hata hivyo, jambo la nne halijachunguzwa vya kutosha. Hoja ya makala haya ni moja: kwamba katika edonga, ngoma ya Waturkana, mtazamaji kwa maana ya kawaida hayupo, na mhakiki amlazimishaye awepo huiharibu sanaa anayokusudia kuieleza.

Edonga, iwe ni Lokori kando ya Mto Kerio au kwingineko Turkana, haitegemei ala nyingi. Msingi wake ni sauti za watu, makofi na vishindo vya miguu. Wanaume huruka, wanawake nao huingia na kuwakabili, na mapambo ya wote wawili ni sehemu ya mchezo. Mwanamume huimba juu ya maksai wake ampendaye, ambaye jina lake huweza kuwa ndilo jina la mwenyewe pia. Huisifu rangi yake, na huinua mikono kichwani kuigiza mkunjo wa pembe zake. Sifa hizo ni mali ya mwimbaji, lakini kiitikio ni mali ya wote. Asiyeitikiwa hana wimbo. Kwa hiyo yule asimamaye pembeni si mtazamaji. Ni mwitikiaji, na huenda baada ya muda mfupi akawa ndiye mwimbaji.

Ulinganisho wa mbali waweza kulidhihirisha jambo hili. Mwaka 1979 kundi la Bauhaus la Northampton, Uingereza, lilitoa wimbo uitwao “Bela Lugosi's Dead”, ambao huhesabiwa miongoni mwa vyanzo vya roki ya gothiki. Mwaka 1982 klabu ya Batcave ilifunguliwa London, na tangu 1992 mji wa Leipzig, Ujerumani, umekuwa na tamasha ambalo huwakusanya wapenzi wa muziki huo kwa maelfu. Mtu aendaye huko havai nguo nyeusi wala kuupaka uso wake weupe ili atazame tu. Huenda pia kutazamwa na kutambuliwa na wenzake. Bila umati ule uliojipamba, onyesho lingepungua. Huko nako, basi, mpaka kati ya fanani na hadhira umefifia, ila haujafutika: jukwaa lipo, na kipaza sauti kina wenyewe. Mhudhuriaji huchangia sura ya usiku ule. Wimbo si wake.

Tofauti ya pili ni kubwa zaidi. Jumuiya ya roki ya gothiki huundwa kwa hiari, na aghalabu ni ya vijana wanaojitenga na ladha za wazazi wao. Waturkana hawakuuachia utengano huo uzuke nje ya jamii, waliutungia kanuni. Kila mwanamume ni wa mojawapo ya makundi mawili, Ngimor, yaani mawe, na Ngirisae, yaani chui, na mtoto wa kiume huwa daima katika kundi ambalo si la baba yake. Mwana wa jiwe ni chui, na mjukuu hurudi kuwa jiwe. Mapambo yao hutofautiana, lakini ngoma ni moja. Mhakiki anayeyasoma mapambo hayo kama urembo tu ameacha nusu ya maudhui.

Suala hili si la nadharia peke yake. Tamasha la Tobong'u Lore, lililoanzishwa Lodwar katikati ya mwongo wa 2010 chini ya serikali ya Kaunti ya Turkana, limeipandisha edonga mbele ya viti vya wageni. Manufaa yake hayakanushiki: limewakutanisha Waturkana na ndugu zao wa jamii za Ateker kutoka ng'ambo ya mipaka, baadhi yao wakiwa ni watu waliowahi kunyang'anyana mifugo. Lakini jukwaa lina masharti yake. Kundi hupewa dakika zake, huelekea upande mmoja, na huimba kwa watu wasioweza kuitikia. Sifa za maksai zisipojibiwa na wanaomjua maksai huyo, hubaki maneno mazuri tu. Tena, mashariki mwa Turkana, ambako wizi wa mifugo kwa bunduki umesumbua kwa miaka mingi, maksai aliyeimbwa anaweza kuwa amekwisha kuchukuliwa. Wimbo wake ukiitikiwa na majirani, ni ushahidi wa mali na wa msiba. Ukipigiwa makofi na wageni, ni burudani.

Jamii yenyewe ina simulizi linalogusa jambo hili. Karibu na Lokori yapo makaburi ya kale yenye mawe yaliyosimamishwa, yajulikanayo kama Namoratunga, yaani watu wa mawe. Jina hilohilo limepewa nguzo za mawe za Kalokol karibu na ziwa, ambazo, kwa mujibu wa masimulizi, zilikuwa watu wakicheza ngoma. Wakamcheka mgeni wa ajabu aliyewatokea, wakageuzwa mawe. Wanaakiolojia wameuliza umri wa nguzo hizo na uhusiano wake na nyota. Mhakiki wa fasihi hana budi kuuliza swali jingine: kosa la wachezaji lilikuwa nini? Yaelekea kosa lao ni kumfanya aliyefika ngomani kuwa kitu cha kutazamwa. Hapo ngoma ilikoma.

Ikiwa hivyo ndivyo, wakusanyaji wa fasihi simulizi wanapaswa kubadili kazi yao. Imekuwa desturi kuchapisha maneno ya kiongozi kwa ukamilifu na kukitaja kiitikio mara moja tu, kana kwamba kurudiwa kwake hakuna maana. Katika edonga kila itikio ni hukumu: laweza kuwa la shangwe, la uvivu au la kukatizwa. Yafaa yaandikwe yote, na waitikiaji waelezwe kwa rika na kundi lao. Bila hivyo, kitakachohifadhiwa maktabani ni nguzo tu, na ngoma haitakuwamo.