Nani Aliulizwa?

Zima sauti kwanza. Tazama "Countdown" ya Beyoncé, ya 2011, halafu tazama filamu ya Rosas danst Rosas. Bega lilelile, nguo inashushwa kisha inarudishwa, kichwa kinageuka ghafla. Anne Teresa De Keersmaeker wa Ubelgiji alitunga densi hiyo 1983. Hakuulizwa. Baadaye Beyoncé akasema ni moja ya vitu vilivyompa msukumo. Msukumo! Mimi naona fremu kwa fremu.

Kisheria, hatua moja haina mwenyewe. Mpangilio wa hatua ndio kazi, kama riwaya vile. Lakini kwangu kilichopotea ni muda. Kwa De Keersmaeker, wanawake wanne wanarudia ishara zilezile kwenye viti mpaka unaona wamechoka, na uchovu huo ndio densi yenyewe. "Countdown" inakata kila ishara kabla haijachoka. Inabaki pozi tu, safi, imependeza.

Na si ati kuuliza haiwezekani. Mwaka huohuo, kwa "Run the World (Girls)", Tofo Tofo wa Msumbiji walitafutwa hadi wakapatikana, wakapelekwa Marekani, wakafundisha, na kwenye video wako. Shida ni sababu: hatua zao zilikataa kujifunzwa kwa kuangalia YouTube tu. Kumbe ungekuwa mwepesi kuigwa, nani angekupigia simu?

2013 De Keersmaeker mwenyewe aliweka mafunzo ya densi ile mtandaoni, akaalika yeyote aicheze na kutuma video. Nimeijaribu na kiti cha plastiki. Hiyo ya shingo, wacha tu.