Jibu Lisilotokea: Uhakiki wa Zana za Kusaka Hitilafu katika Lugha ya Prolog

Makala haya yanahakiki zana mbili za kusaka hitilafu zilizoundwa kwa ajili ya Prolog, lugha ya programu iliyoasisiwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1972. Katika lugha hii, swali moja huweza kujibiwa kwa njia nyingi: kompyuta hujaribu njia moja na, ikikwama, hurudi nyuma na kujaribu nyingine. Hoja yetu ni kwamba zana ya lugha ya aina hii haina budi kupimwa kwa namna inavyolishughulikia jibu lililopaswa kutokea lakini halikutokea.

Tuchukue mfano wa programu ya nasaba. Mtunzi ameandika kanuni kwamba ndugu ni watu waliozaliwa na mama mmoja. Kanuni hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, humfanya Juma kuwa ndugu yake mwenyewe. Pili, humwacha Ali, aliyezaliwa na babake Juma kwa mama mwingine. Kosa la kwanza huonekana katika orodha ya majibu. La pili halionekani popote. Programu hiyo ikitumiwa kuorodhesha warithi, Ali huachwa nje kabla haki yake haijajadiliwa.

Lawrence Byrd, mwaka 1980, alipendekeza kila hatua itazamwe kama kisanduku chenye milango minne: wa kuingia, wa kutoka na jibu, wa kurejea kutafuta jibu jingine, na wa kushindwa. Ubora wa mtazamo huu ni kwamba uliudhihirisha mwendo wa kurudi nyuma, na milango hiyo ingali ikitumika katika zana za Prolog hadi leo. Hata hivyo, katika Prolog kushindwa ni sehemu ya kazi ya kawaida. Ali hupita mlango wa kushindwa pamoja na watu wote ambao kweli si ndugu wa Juma. Zana huonyesha kwamba wameshindwa, lakini haibainishi ni nani aliyeshindwa isivyostahili.

Ehud Shapiro, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Yale iliyochapishwa kitabu mwaka 1983, alifuata njia tofauti. Zana yake humsaili mtunzi: je, ni kweli kwamba Juma ni ndugu wa Juma? Akikana, kanuni yenye kosa hutambuliwa. Kuhusu jibu linalokosekana, mtunzi huombwa ataje majibu ya kweli. Akimtaja Ali, zana hubaini kwamba hakuna kanuni inayomhusu. Haya ni mafanikio makubwa, kwa sababu kipimo cha usahihi kimetoka katika mwendo wa kompyuta na kuingia katika maana iliyokusudiwa.

Pamoja na hayo, zana ya Shapiro inamtegemea msailiwa anayejua ukweli. Mtunzi aliyemsahau Ali alipoandika kanuni anaweza kumsahau tena anaposailiwa. Na asipohisi upungufu, hataiwasha zana hiyo kamwe. Kwa hiyo, tunapendekeza majibu yanayotarajiwa yaandikwe kabla ya programu kuendeshwa, tena na mjuzi wa jambo lenyewe, mathalani mzee wa ukoo, badala ya mtunzi peke yake. Zana ikilinganisha orodha hiyo na majibu ya programu, kukosekana kwa Ali kutadhihirika bila kusubiri mtu akumbuke kuuliza.