Herekali na Mreno: Utendi wa Tambuka na Suala la Kukabiliana au Kushirikiana

Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, umezoeleka kusomwa kama utendi wa makabiliano. Mtume anamwandikia barua Herekali, Kaisari wa Rumi, akimwita katika Uislamu. Kaisari anakataa, majeshi yanakutana, na mashujaa wa Kiislamu, Ali akiwa miongoni mwa walio mbele, wanaishinda dola iliyokuwa mojawapo ya dola mbili kubwa za zama zile. Kutoka hapo ni hatua fupi kudai kwamba Herekali, mtawala Mkristo mwenye majeshi yasiyohesabika, ni kivuli cha Mreno, na kwamba utendi mzima ni mwito kwa watu wa pwani wasimame dhidi yake. Dai hili lina mvuto. Linakwaza na tarehe.

Nakala kongwe ya utendi huu ina tarehe ya mwaka 1141 wa Hijria, na mtunzi wake, Mwengo bin Athumani, aliutunga kwa ombi la Sultani wa Pate wa ukoo wa Nabahani. Katika mwaka 1728 Pate haikuwa vitani na Wareno. Ilikuwa imeshikana nao mikono. Waomani, waliowang'oa Wareno katika Ngome ya Yesu mnamo 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, walikuwa wamegeuka mzigo, na fitina za wao kwa wao huko Omani ziliipa Pate nafasi. Wareno waliitwa kutoka Goa, wakasaidiwa na Pate kurudi Mombasa mnamo Machi 1728, na mkataba ukatiwa sahihi mwaka huo huo. Ushirika huo ulikuwa wa muda mfupi, kwani kufikia mwisho wa 1729 watu wa Mombasa walikuwa wamewafukuza. Mwaka 1141, ulioanza Agosti 1728 na kwisha Julai 1729, unakumbatia mapatano na kuvunjika kwake kwa pamoja. Kwa hiyo, barazani palipokuwa na mkataba na mfalme Mkristo ndipo palipoagizwa hadithi ya Kaisari Mkristo anayevunjwa nguvu.

Jambo hili linazidi uzito tunapoitazama Tabuk ya historia. Safari ya mwaka 630 haikuwa na vita vikubwa. Jeshi la Warumi halikutokea. Mtume alikaa siku chache, akafanya mapatano na watawala wadogo wa mpakani, akiwemo wa Ayla, waliokubali kulipa jizya wabaki na dini yao, kisha akarejea Madina. Aidha, katika masimulizi ya Hadithi Kaisari anaipokea barua kwa heshima, anauliza maswali ya mtu mwenye busara, na anakaribia kusadiki, ila anawahofia wakuu wake. Hapo pana tamthilia nzima ya mtawala anayepima faida na hasara. Katika utendi, jibu linaloendesha hadithi ni kukataa, na baada ya kukataa ni panga. Mwengo hakuyazua haya peke yake, maana hadithi za maghazi za Kiarabu zilikwisha kuigeuza Tabuk kuwa uwanja wa damu. Hata hivyo, kuchagua hadithi hii miongoni mwa nyingi, na kuiendeleza kwa beti zaidi ya elfu moja, ni uamuzi wa pwani.

Hoja hapa si kwamba mtunzi alimsuta bwana wake kwa mafumbo, wala kwamba alimpamba. Hoja ni kwamba umbo la utendi, katika kiwango hiki cha vita vitakatifu, lina nafasi ya kambi mbili tu. Pate ilikuwa baina ya dola mbili, na kukabiliana na moja kulimaanisha kuiomba nyingine. Ukweli huo wa pembe tatu hauingii katika mpango wa mwamini na kafiri. Mwomani ni Mwislamu, Mreno ni mshirika. Wote wawili hawana mahali pa kusimama Tambuka. Anayeutafuta Mreno ndani ya Herekali anaupata, lakini huupata kwa kumwacha Mwomani nje ya mlango.

Karne moja baadaye Muyaka bin Haji alikumbana na hali iyo hiyo mjini Mombasa. Mashairi yake ya siasa, yaliyohifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor na kuchapishwa na Hichens mnamo 1940, yanawasimamia Mazrui dhidi ya Seyyid Said, na ujeuri wake umesifiwa kwa haki. Ila Mazrui hao hao waliipandisha bendera ya Uingereza mnamo 1824 ili Said asiwaguse, na ulinzi huo ulidumu hadi 1826 tu. Tofauti ya Muyaka ni umbo: shairi la beti chache, linalotungwa kwa tukio la leo na kujibiwa kesho, halilazimiki kuwa na mshindi. Humruhusu mtunzi kutisha, kukejeli, kuonya na hata kushuku. Katika 1837 Said aliuchukua mji, na mashairi ya miaka ile bado yanasomeka kama maneno ya watu ambao hawakujua mwisho wao. Beti za Tambuka zinaujua mwisho wao tangu ubeti wa kwanza.