Juu ya sinema za Candida Royalle

Wengine watashangaa kuona jina hili katika kurasa zetu. Lakini padri au mkatekista anayefundisha watu wa ndoa lazima ajue sinema za uchi zinawafundisha nini.

Candida Royalle alizaliwa New York mwaka 1950, akafa mwaka 2015. Kwanza alicheza mwenyewe katika sinema kama 25 za namna hiyo. Mwaka 1984 akaanzisha kampuni yake, Femme Productions. Wakati ule kaseti za video zilikuwa zimekwisha kuingia nyumbani mwa Waamerika. Mwanamke aliyeona haya kukanyaga majumba ya sinema hizo aliweza kuzitazama kwake, pamoja na mume wake. Royalle aliwatengenezea hao. Akatia hadithi, maongezi, upole; akaondoa ile picha ya mwisho ambayo wenzake waliihesabu kuwa ya lazima, yenye kuonyesha raha ya mwanamume tu.

Ugonjwa aliuona vizuri, tena kuliko wahubiri wengi wanaopigia kelele uchi peke yake: katika sinema zile mwanamke alikuwa chombo, wala hakuna aliyemwuliza kama anafurahi. Lakini dawa je? Alibadili jicho linalotazama, hakubadili biashara. Mwanamke wa kaseti, hata akibembelezwa, analipwa ili wageni wamtazame. Na mume anayejifunza upole huko amejifunza kumtazama mtu asiyeweza kumjibu. Mke aliyeketi kando yake aweza kujibu.

Mwenye kutaka kumpima kwa haki asome kitabu cha Jane Kamensky juu ya maisha yake, kilichotoka mwaka 2024.