Kitovu Kisichojengwa

Wajenzi wa Kihindu walioandika vitabu vya vastu, fani ya kupanga nyumba, hawakuanza na ukuta. Walianza na mtu aliyelazwa kifudifudi. Kisa chao kinasimulia kiumbe aliyetanda mpaka akaziba mbingu na ardhi. Miungu 45 wakamwangusha, wakamkandamiza, na kila mmoja akakalia sehemu ya mwili aliyoishika. Kichwa kikabaki kaskazini mashariki, miguu kusini magharibi. Juu ya mwili huo huchorwa miraba 64, au 81 kwa hesabu nyingine, na nyumba hupangwa humo: maji na sala upande wa kichwa, moto wa jiko kusini mashariki kwa Agni, vitu vizito na chumba cha mwenye nyumba kusini magharibi, pembe ya upepo kaskazini magharibi kwa Vayu. Katikati, penye kitovu, miraba tisa kati ya ile 81 ni ya Brahma. Hapo hapajengwi.

Kwa kanuni hizo nataka kuisoma Umoja, mtaa wa Eastlands ambao Wahindu wa Nairobi hawakuujenga wala hawakuwahi kuishi humo kwa wingi. Wao walikaa Ngara, Pangani, Parklands na Eastleigh. Lakini vastu ni arudhi. Inaihesabu nyumba kama malenga anavyohesabu mizani, na msomaji aliyezoea arudhi huona upesi palipozidi na palipopungua, hata katika shairi ambalo mtunzi wake hakuwahi kuzisikia kanuni hizo.

Kilichoshindwa kuvuka bahari salama ni pembe za dira. Watetezi wa vastu wa siku hizi husema jiko liliwekwa kusini mashariki kwa sababu za jua na upepo. Maandiko yenyewe yanamtaja Agni, moshi hayautaji. Tuikubali hoja yao kwa muda. Gujarat, walikotoka wengi wa Wahindu wa Kenya, iko karibu na nyuzi 22 kaskazini ya ikweta. Adhuhuri jua la huko huwa upande wa kusini karibu mwaka mzima, na upepo wa mvua hutoka kusini magharibi. Ukuta mnene upande huo unafaa, kwa kuwa unalipokea joto la alasiri kabla halijafika ndani. Nairobi iko nyuzi 1 na dakika 17 kusini ya ikweta. Jua letu la adhuhuri hupita kaskazini tangu katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, kisha huhamia kusini. Upepo wetu kwa sehemu kubwa ya mwaka hutoka mashariki. Jiko la kusini mashariki katika nyumba ya Umoja litasukuma moshi wa makaa hadi vitandani. Anayeichukua ramani ya Ahmedabad na kuitandaza Nairobi bila kuigeuza ameshika herufi za kanuni na kuiacha akili yake.

Jaribio la udongo lililomo katika vitabu hivyo naliheshimu zaidi. Chimba shimo la dhiraa moja, kisha urudishe udongo ule ule. Ukijaa na kuzidi, jenga. Ukipungua, tafuta kiwanja kingine. Ni jaribio dogo, lakini linamlazimisha mjenzi kuishika ardhi kwa mikono kabla ya kuchora chochote. Eastlands kwa sehemu kubwa imekaa juu ya udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na mjenzi mwangalifu huuondoa wote mpaka afikie mwamba au changarawe. Ukuta wenye ufa wa mshazari unaopanda kutoka pembe ya dirisha mara nyingi unasimulia habari za mjenzi aliyechoka kuchimba mapema.

Vitabu vile vile, Mayamata kikiwemo, vinaendelea kusema kwamba udongo mweupe unawafaa Wabrahmini, mwekundu wapiganaji, wa manjano wafanyabiashara, na mweusi Washudra, watu wa tabaka la chini. Ukurasa huo siwezi kuuruka, kwa kuwa Nairobi imeuandika kwa chokaa yake yenyewe. Wazungu walijipa udongo mwekundu wa magharibi, kwenye miinuko na miti. Wahindi wakawekwa katikati. Waafrika wakapelekwa mashariki, kwenye udongo mweusi. Walioigawa Nairobi walifuata ubaguzi wao wenyewe, hawakuhitaji kitabu cha India. Hata hivyo umbo ni moja: ramani inayompimia mtu ardhi kwa daraja lake. Anayeisifu vastu kama hekima ya kale isiyo na doa anapaswa kujibu hili kwanza.

Ng'oa dira, ng'oa madaraja, kinachobaki ni kitovu. Na kitovu, kwa maoni yangu, ndicho kilicho bora katika fani yote hii. Sehemu moja kati ya tisa ya nyumba inaachwa wazi, si kwa sababu ardhi ilisalia, bali kabla ya ukuta wa kwanza kuchorwa. Nguzo haipaswi kukanyaga hapo. Vyumba vinageuza nyuso zao ndani, na kwa kuwa katikati si mali ya chumba chochote, kila mmoja analazimika kupitia hapo na kuonana na mwenzake. Mwaka 1727 mji wa Jaipur ulipangwa kwa miraba tisa, mmoja ukasogezwa kando kwa sababu ya kilima. Katika mji huo huo Charles Correa alijenga kituo cha sanaa cha Jawahar Kala Kendra, akarudia miraba tisa, akausogeza mmoja ili uwe mlango, na ule wa katikati akauacha wazi chini ya anga. Wageni wanaokaa kwenye ngazi zake hawahitaji kumwamini Brahma ili umbo hilo lifanye kazi yake.

Nairobi nayo ilikuwa na kitovu. Nyumba za mawe zilizojengwa na familia za Kihindi Ngara na Pangani zilikuwa na duka au baraza mbele, na nyuma yake ua wa saruji, mfereji wa maji, na kwa Wahindu mmea wa tulsi, ndugu wa mrehani. Ua huo haukuwa wa Wahindu peke yao. Wajaini, Masingasinga na Waislamu waliujenga pia. Wala haukukaa katikati kila mara, maana viwanja vyembamba viliusukuma upande wa nyuma. Lakini ulikuwepo tangu mwanzo wa mchoro, na watoto, nguo, pilipili za kuanikwa na ugomvi wa familia vilikutana hapo.

Pwani tuna arudhi nyingine. Nyumba ya mawe ya Lamu ya karne ya 18 inakupokea kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, inakupitisha tekani, ukumbi wa kuingilia, inakufikisha kiwandani, yaani uani penye anga, kisha kumbi mbili, msana wa tini na msana wa yuu, na mwisho ndani. Kiwanda kinatoa mwanga, na kila hatua ukikiacha nyuma giza linaongezeka pamoja na heshima ya mahali. Nyumba ya Kihindu inahesabu kutoka kitovuni kwenda pande zote. Nyumba ya Lamu inahesabu kina, kutoka mlangoni kwenda ndani. Zote mbili, hata hivyo, zinakubaliana kwamba anga ni chumba cha nyumba.

Umoja ilipoanzishwa miaka ya 1970, Baraza la Jiji likitumia mkopo uliodhaminiwa na shirika la maendeleo la Marekani, USAID, zilijengwa nyumba za chini, ndogo, za kununuliwa polepole na watu wa kipato cha kadiri. Umoja II ilifuata miaka ya 1980, na wapangaji wake walifanya jambo ambalo halijasifiwa vya kutosha: waliweka nyumba katika makundi yaliyozunguka ua wa pamoja, kila mwenye nyumba akitarajiwa kuongeza vyumba kadiri atakavyojaliwa. Mjenzi wa vastu angelitambua umbo hilo bila kuelezwa.

Kisha kodi ikaanza kuchora. Ploti za Innercore, sehemu ya Umoja, leo zinapanda ghorofa saba, nane, bila lifti. Isome moja kutoka barabarani. Chini kuna maduka na geti la chuma. Kuanzia ghorofa ya kwanza jengo linatokeza nje ya ukuta wa chini na kuifunika njia, kwa hiyo uzito ambao vastu inauweka chini na nyuma, hapa unaning'inia mbele na juu. Ndani kuna ukumbi mwembamba wenye milango pande mbili, ikitazamana kwa karibu kiasi kwamba majirani wawili wakitoka pamoja mmoja husubiri. Choo na bafu viko mwisho wa ukumbi. Na mahali fulani katikati kuna tundu la mwanga linaloshuka kutoka paa hadi chini.

Tundu hilo ndilo kitovu cha ploti, na ndipo usomaji wangu unapokaza. Tuseme lina mita 2 kwa 2, na jengo lina ghorofa nane za mita 3 kila moja. Adhuhuri ya Juni jua la Nairobi linasimama nyuzi 65 hivi juu ya upeo, upande wa kaskazini. Litashuka ndani ya tundu mita nne na kidogo, yaani ghorofa moja na nusu. Desemba, likiwa kusini, litashuka karibu mita tano. Anayeishi chini ataliona lenyewe kwa wiki chache tu, kuzunguka katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, jua likiwa utosini. Siku nyingine zote anawasha taa ili achambue mchele. Kinachoshuka kwa uhakika mwaka mzima ni sauti, harufu ya vitunguu, na maji ya nguo zilizoanikwa juu. Katika vastu uwazi ulitengwa kwanza na vyumba vikaufuata. Katika ploti vyumba vilihesabiwa kwanza na uwazi ukawa baki ya hesabu.

Ingia chumbani, hata hivyo, na arudhi inarudi. Katika chumba kimoja cha mita 3 kwa 3 mpangaji ameweka meko karibu na mlango ili moshi na joto vitoke, jerikeni za maji pembeni yake, kochi baada ya hapo, kisha pazia, na nyuma ya pazia kitanda. Mgeni anaishia kwenye kochi. Huo ni mpango wa kina, daka na ndani katika hatua nne, na haujaandikwa na mchoraji yeyote. Wengi wa wapangaji hawa wametoka kwenye maboma yenye kanuni zake. Katika boma la Kijaluo nyumba ya mke wa kwanza hutazamana na lango, na hakuna anayeihamisha kwa kupenda kwake. Kanuni ya kuweka vitu mahali pake imekuja nao mjini na kujibana ndani ya mita tisa za mraba. Jengo ndilo lililoikosa.

Kuna watakaosema paa ndiyo ua mpya: kamba za nguo, matangi, anga yote. Napinga. Ua ni mahali mtu anapopita akienda kwake bila kukusudia. Paa inahitaji safari, ngazi, na mara nyingi ufunguo wa mtunza ploti. Mkazi wa ghorofa ya kwanza hapiti huko akirudi kutoka soko la Mutindwa na mboga mkononi.

Nyumba za chini za Umoja zinaendelea kubomolewa kupisha ghorofa, kwa hiyo hesabu ifuatayo ina haraka. Kiwanja cha mita 9 kwa 18 kina mita 162 za mraba. Sehemu moja ya tisa ni mita 18. Tundu la mwanga limekwisha kuchukua nne. Zinabaki 14, sawa na chumba kimoja na nusu kwa kila ghorofa. Kodi ya chumba kimoja na nusu ndiyo bei ya ua unaopokea mwanga zaidi kuliko tundu, na inaweza kujadiliwa na mwenye kiwanja mchoro ukiwa bado mezani, kabla fundi hajamwaga msingi.