Kifuko cha Ngiri Chini ya Darubini: Uhakiki wa Hoja ya Kuchunguza Kila Sampuli

Hoja ya wanaotetea uchunguzi wa lazima wa kila kifuko cha ngiri husimama juu ya hofu moja: saratani isiyotarajiwa. Hofu hiyo ina msingi, lakini msingi mwembamba. Kifuko ni kipande cha utando wa tumbo. Chini ya darubini aghalabu huonekana nyuzi, mafuta na mishipa midogo ya damu, basi. Saratani hupatikana kwa nadra mno, na mara nyingi mpasuaji huwa amekwisha kuishuku kwa jicho lake.

Kwa watoto watetezi wana nguvu zaidi, kwani hutafuta kipande cha mrija wa manii kilichokatwa kwa bahati mbaya. Hata hivyo, kifuko cha mtoto huweza kuwa na vijirija vidogo, mabaki ya ukuaji wa kiinitete, vinavyofanana na mrija huo. Mpatholojia asiyepima kipenyo chake na kukagua kama vimezungukwa na misuli kamili aweza kumtia mzazi hofu ya ugumba usiokuwapo. Tena jibu, hata likiwa sahihi, huja kidonda kikiwa kimeshafungwa.

Udhaifu mkubwa wa hoja hii ni kuifikiria maabara kana kwamba haina foleni. Kifuko kisicho na shaka huweza kutangulia sampuli ya titi ambayo mwenyewe anasubiri kuanza tiba. Nchini Marekani, College of American Pathologists huiachia kila hospitali kuamua ni tishu zipi zisamehewe darubini, kwa makubaliano ya wapasuaji na wapatholojia.